Mshororo wa Lami: Kenyatta Avenue kwa Msomaji Atokaye Embu na Meru

Kenyatta Avenue ya Nairobi si ndefu. Kutoka Uhuru Highway hadi Moi Avenue ni takriban kilomita moja, na mtu asiye na haraka huimaliza kabla jasho halijamtoka. Kinachoifanya isomeke kama matini iliyotungwa ni upana wake. Inasimuliwa kwamba iliachiwa upana huo ili gari la kukokotwa na jozi nyingi za ng'ombe liweze kugeuka bila kurudi kinyumenyume. Sina ugomvi na masimulizi hayo, ila kueleza umbo lilikotoka si kueleza linavyofanya kazi. Ng'ombe waliondoka barabarani zamani, upana ukabaki. Na ulipobaki bila kazi uliyopewa awali, ukageuka fahari. Mambo mengi tuyaitayo mtindo yana asili kama hiyo: haja hufa, nafasi iliyoachwa na haja ikadai kutazamwa.

Upana huo hugawa watu kwa namna ya kutazama. Aliye ndani ya gari huipokea barabara kwa mbele, kama mandhari inayofunguka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Anayevuka kwa miguu huipokea kwa ubavu na kwa awamu: ukingo, njia ya kwanza, kisiwa cha kati chenye miti, njia ya pili, ukingo mwingine. Kisiwa hicho cha kati ndicho mbinu iliyofichika kuliko zote, kwa sababu humlazimisha mvukaji atulie, ageuze shingo, na atazame marefu ya barabara akingoja magari yaishe. Kwa muda huo mfupi kila mwenye safari zake hugeuzwa hadhira ya gwaride ambalo halipo. Barabara za sherehe popote duniani hutaka watazamaji wa kupanga. Hii huwazalisha kila siku, bila ngoma wala farasi.

Ukiitazama kwa vipimo vya ushairi wetu, ni mshororo mmoja wenye vipande viwili. Ukwapi wake uko magharibi, kuanzia Uhuru Highway hadi karibu na Koinange Street, na utao wake unaendelea hadi mashariki, Moi Avenue. Vipande hivi havifanani hata kidogo kwa vifaa vilivyotumika, na hoja yangu yote inakaa katika tofauti hiyo: utao umeandikwa kwa shaba, ukwapi umeandikwa kwa karatasi. Shaba ni ya kutazamwa, karatasi ni ya kupangiwa foleni. Ubunifu wa barabara hii ni kwamba upana uleule, miti ileile na lami ileile vimeunganisha sehemu mbili zenye makusudi tofauti hivi kwamba mpita njia haoni mshono.

Kabla ya kuuchunguza mshono huo, lazima tulitazame jina. Katika ramani ya kwanza ya mji uliozuka baada ya reli kufika mwaka 1899, barabara hii ilikuwa namba tu, Sixth Avenue. Baadaye ikapewa jina la Lord Delamere, kinara wa walowezi aliyefariki mwaka 1931, na sanamu yake iliyochongwa na Kathleen Scott ikasimamishwa hapo. Uhuru ulipokaribia, mwaka 1963, sanamu iliondolewa ikapelekwa Soysambu, kwenye mashamba ya familia karibu na Ziwa Elmenteita, na barabara ikachukua jina la Jomo Kenyatta. Kisarufi, kiima kilibadilishwa na kiarifu kikaachwa kama kilivyokuwa. Jina jipya liliwekwa palepale penye mkazo, likarithi upana, mwelekeo na heshima ya lile la kwanza, na hakuna kilichobadilika katika namna barabara inavyomweka mtu mmoja juu ya wengine.

Dar es Salaam hutoa mfano wa kupimia. Huko Waingereza waliiondoa sanamu ya gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann mwaka 1916, na mwaka 1927 wakasimamisha Sanamu ya Askari mahali palepale. Shaba ilijibiwa kwa shaba, nafasi ikabaki na mwenyewe. Nairobi ilichagua mbinu ngumu zaidi. Palipokuwa na Delamere hapakuwekwa mtu, na kwa hiyo barabara haifungwi na umbo lolote upande wa mashariki. Inapita Hoteli ya Stanley kwenye kona ya Kimathi Street, kisha inamwagika tu katika Moi Avenue na msongamano wake. Wasanifu waliozoea barabara za Ulaya, ambako kila mhimili huishia kwenye tao au jumba, wangeliita hili kosa. Kwangu ni sehemu bora kabisa ya utunzi, hata kama haikukusudiwa, kwa kuwa mshororo unaoishia wazi humruhusu msomaji auingie kutoka mwisho.

Na hivyo ndivyo watu wa Embu na Meru wanavyouingia. Aliyeichora barabara alimtarajia msafiri atokaye magharibi, ateremkaye kutoka kwenye kilima cha Ikulu ambayo zamani ilikuwa Government House, akiwa na mji mbele yake chini ya jua la asubuhi. Matatu ya Embu, Chuka au Meru haina habari na mpango huo. Huja kwa Thika Road na kuwashusha abiria Tea Room, Accra Road, katikati ya mizigo ya ndizi, wapiga debe na wauza miwani. Abiria huvuka Tom Mboya Street, huvuka Moi Avenue, na ndipo huikuta Kenyatta Avenue kwa mkia. Mpangilio wote wa taswira unapinduka. Kilichokusudiwa kuwa kilele kinakuwa dibaji, na kilichokusudiwa kuwa lango la utawala kinakuwa hatima. Msomaji wa namna hii ndiye ninayemfuata katika uchambuzi huu, kwa sababu usomaji wake wa kinyume hufichua mambo ambayo usomaji wa msafara wa Rais hauwezi kuyaona.

Taswira nzito ya kwanza anayokutana nayo ni Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1928, kazi ya James Alexander Stevenson aliyechonga pia ile ya Dar es Salaam. Watu watatu wa shaba wamesimama juu ya msingi mmoja: askari wa King's African Rifles katikati, na ubavuni mwake Mwarabu mwenye silaha na mpagazi wa Carrier Corps. Uamuzi wa kuwaweka kwa kimo kimoja si mdogo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, ambavyo sanamu inavikumbuka, mpagazi alikuwa wa mwisho katika mgao wa chakula, wa mwisho katika dawa, na wa kwanza katika mzigo. Sanamu inamnyanyua hadi kwenye bega la askari. Hata hivyo mnyanyuo huo una bei yake. Kazi ya mpagazi ni mwendo, na mchongaji amempa kusimama. Shaba imemwondolea kile hasa kilichomuua, yaani umbali.

Kwa msomaji wetu jambo hili si la nadharia. Mwaka 1917, chini ya usimamizi wa John Ainsworth, serikali ilifanya msako mkubwa wa wapagazi katika nyanda za juu, na wilaya za Embu na Meru zilitoa vijana wao kama zilivyotoa nyingine. Watu waliozoea baridi ya mlima walipelekwa katika joto la nchi iliyokuwa ya Wajerumani, na wengi waliuawa na kuhara damu, homa na njaa kuliko risasi. Anayejua hayo anapomtazama mpagazi wa shaba huona ufundi wa kufuta: nguo, viungo na uso vipo, mwili uliokonda haupo.

Maandishi yaliyo kwenye msingi yalitungwa na Rudyard Kipling na yamewekwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kiini chake ni kwamba atakayekufa akiipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Wahakiki wengi wamekwisha kuona kejeli iliyomo, kwamba msingi unaoahidi kukumbukwa kwa majina hauna jina hata moja. Mimi ningependa tukae kidogo na sarufi ya ahadi hiyo. Imejengwa kwa sentensi ya sharti, na mtenda wa kukumbuka ni mtoto wa marehemu. Serikali iliyomchukua baba haimo katika sentensi. Kwa mbinu moja ya kisarufi deni la kumbukumbu limehamishwa kutoka kwa aliyekopa hadi kwa aliyefiwa, na limehamishwa kwa sauti ya heshima inayomfanya msomaji akubali kwa kichwa kabla hajagundua amepewa kazi. Ni utunzi stadi sana. Sijui maandishi mengine ya mjini Nairobi yanayofanya mengi hivyo kwa maneno machache hivyo.

Hatua chache kuelekea magharibi kuna nguzo ya kumkumbuka Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari na mtu anayesifiwa kwa kufungua safari ya gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926. Nguzo hii hutaja umbali wa miji mbalimbali. Ukiisoma baada ya Sanamu ya Askari, uwiano unajitokeza wenyewe: mtu mmoja aliyesafiri kwa gari ana jina na nguzo, maelfu waliosafiri kwa miguu wana msingi mmoja na sharti. Zote mbili zinahusu masafa. Katika mshororo wetu nguzo hiyo ni kina cha kati, mahali ambapo sauti inatua kabla ya kuingia kipande kingine.

Majina ya njia zinazoikata au kuigusa barabara nayo yana nafasi yake. Kimathi, Wabera, Muindi Mbingu, Koinange: mpiganaji wa Mau Mau wa msituni, mkuu wa wilaya wa Isiolo aliyeuawa mwaka 1963, kiongozi wa Wakamba waliopinga kupunguziwa mifugo mwaka 1938, na mzee wa Kiambu. Wote wamewekwa kwa upande, wakiukata mhimili bila kuumiliki. Sanamu ya Dedan Kimathi yenyewe, kazi ya Kevin Oduor iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake, iko kwenye makutano ya Kimathi Street na Mama Ngina Street, nje kidogo ya upeo wa macho wa anayepita Kenyatta Avenue. Wasanifu wa taifa huru walijifunza kutoka kwa wakoloni kwamba katikati ni pa mtu mmoja. Miongoni mwa majina hayo manne hakuna la Embu wala la Meru, ingawa Meru ilikuwa na Field Marshal Musa Mwariama, aliyetoka msituni akakutana na Kenyatta Desemba 1963. Nasema hili kama ushahidi wa umbo. Malalamiko tunaweza kuyapeleka kwingine.

Tukivuka Koinange Street, shaba inakwisha na karatasi inaanza. Kipande House, jengo la mawe la mwaka 1913, linasimama karibu na Loita Street. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyetoka katika eneo lake alitakiwa kubeba kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole na maelezo ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Jengo lenyewe ni la kiasi, la kuvutia hata, na sasa ni benki. Halitishi. Hapo ndipo penye ustadi: upana wa barabara huliwezesha kuonekana lote kwa mara moja, likawa pambo la mandhari, na anayelitazama kutoka kisiwa cha kati haoni mlango uliokuwa na mlolongo wa watu. Upana husahaulisha milango.

Mwishoni, kwenye kona ya Uhuru Highway, kuna majengo mawili yanayosomana. La kwanza ni ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, nayo pia ya mwaka 1913 na ya mawe, ambako vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa. Leo ni Nairobi Gallery, na hutajwa kama sifuri ambapo umbali wa kwenda miji mingine ulipimwa. Hivyo basi barabara moja ina nguzo ya umbali na jengo la sifuri, na anayekwenda Embu anaweza kuanza kuhesabu kutoka popote atakapo. La pili ni Nyayo House, ghorofa 27, lililokamilika mwaka 1983, lenye ofisi ambazo kwa miaka mingi wananchi wa kila pembe wamepanga foleni kuomba pasipoti. Mwaka 1913 na mwaka 1983 imesimama ubavu kwa ubavu, na kazi ni ileile ya kumwandika mtu ili ajulikane. Hivi ndivyo vina vya mshororo huu, vikali kuliko vya shaba.

Ila Nyayo House inaleta kitu kipya katika fani. Barabara ya sherehe hufanya kazi kwa mlalo: kila kilicho muhimu huwekwa mahali ambapo jicho linaweza kukifikia. Katika miaka ya 1980 vyumba vya chini ya jengo hili vilitumiwa kuwatesa watu walioshukiwa kuipinga serikali, wakiwemo walioshutumiwa kuwa wa vuguvugu la siri la Mwakenya. Mhimili wa wima uelekeao chini uliingizwa katika utunzi uliotegemea kuonekana, na uliingizwa pasipo kuharibu hata mstari mmoja wa sura ya mbele. Juu, wananchi waliomba pasipoti. Chini, wananchi walivuliwa majina wakapewa maji ya kusimamia. Sijaona jengo jingine nchini ambalo pengo kati ya sura na tumbo ni kubwa hivyo, na nadhani wasomaji wa majengo wamelichambua kidogo mno kwa sababu uchungu wa historia yake unatangulia macho.

Kwa watu wa Embu na Meru karatasi ina tarehe yake. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya serikali ya kikoloni yaliuzingira mji katika Operesheni Anvil dhidi ya Mau Mau, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakusanywa, wakachujwa, na maelfu wakasafirishwa kwenda kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Serikali ilikuwa imekwisha kuyafupisha makabila hayo matatu kuwa herufi tatu, KEM, na kuwapa vitabu vya kupitia vya aina yao. Kifupisho nacho ni umbo. Kilimfanya Mmeru wa Tigania na Muembu wa Runyenjes kuwa silabi za neno moja ambalo hakuna aliyelizungumza nyumbani kwake. Anayefika Kenyatta Avenue kutoka mkia wake, akishasalimiana na mpagazi asiye na jina, anafika mwishoni mahali ambapo jina lilikuwa linatakiwa kwa nguvu. Usomaji wa kutoka mashariki unaupa mshororo maana hii: heshima hutangulia bila jina, jina hufuata bila heshima.

Ng'ambo ya Uhuru Highway, katika Central Park, kuna kiambatisho. Mnara wa Nyayo ulijengwa mwaka 1988 kuadhimisha miaka 10 ya utawala wa Daniel arap Moi: mkono wenye rungu unachomoza kutoka kilele cha Mlima Kenya. Ni mahali pekee kando ya barabara hii ambapo nchi yetu ya juu inaingia kama nchi, si kama watu wa kuhesabiwa, na kwa hiyo nimeutazama kwa makini kuliko unavyostahili kisanaa. Mlima wenyewe, kwa anayeishi chini yake, hauna sura moja. Ule unaoonekana Embu si ule unaoonekana Chuka, wala huo si wa Meru mjini. Vilele hubadilishana nafasi, na karibu kila siku mawingu huufunika kabla ya saa sita. Mchongaji ameufanya uwe na sura moja ya kudumu na usio na wingu. Kisha akautumia kama pindo la mkono wa kanzu, kitu cha kufunika kifundo tu, ili jicho lipande moja kwa moja hadi kwenye rungu.

Linganisha na tendo la usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alipopanda mlima huohuo na kusimamisha bendera ya taifa. Mikono yote miwili imeshika kitu kileleni. Ule wa 1963 ulifika kutoka nje, kwa pumzi na baridi, ukaacha bendera na kushuka. Ule wa 1988 unatoka ndani, kana kwamba mlima ulikuwa unaungoja tangu kuumbwa, na haushuki. Robo karne inatosha kuhamisha mamlaka kutoka kwenye kupanda hadi kwenye kuota.

Sherehe za kitaifa zenyewe zimeanza kuhama Nairobi. Kuanzia Nakuru mwaka 2016 Siku ya Madaraka ilianza kuzungushwa katika kaunti. Tarehe 1 Juni 2018 ilifanyika katika Uwanja wa Kinoru, Meru, na tarehe 1 Juni 2023 katika uwanja wa Embu. Tofauti ya umbo ni kubwa kuliko wanasiasa walivyoieleza. Barabara ni mstari: gwaride hupita, mtazamaji huona kipande chake, na maana hukamilika kwa yule tu aliye ndani ya gari. Uwanja ni duara: gwaride hurudi lilikoanzia, watazamaji huona watazamaji wenzao, na Rais naye huonekana akitazama. Waliokuwa Kinoru waliuona umati wao wenyewe ukiwa umekaa, jambo ambalo Kenyatta Avenue haijawahi kumpa mtu yeyote aliyesimama ukingoni mwake. Lakini duara la uwanja lina ua na mlango, na mlango una mlinzi.

Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliijaza Kenyatta Avenue, siku ambayo miji ya Embu na Meru nayo ilikuwa na maandamano yake. Kwa mhakiki wa umbo cha kuangalia ni mwelekeo wao. Hawakuenda kwa mhimili. Waliingia kwa Kimathi Street, kwa Wabera, kwa Muindi Mbingu, kwa njia za pembeni zote, wakapanda visiwa vya kati na kuvigeuza majukwaa, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi na kurejea kwa njia nyingine ya kukata. Upana uliokuwa umehifadhiwa kwa ajili ya kitu kimoja kipitacho katikati ulijazwa na watu wasiopita, kutoka ukingo hadi ukingo.